Ulimi Hauna Baba

Kazi yangu ilianza siku ya Jumanne, saa mbili kamili ya asubuhi kwa saa yangu ya mkono, na saa tatu kamili kwa saa ya kila mtu mwingine mjini Kasese. Uganda iko mbele ya Beni, kwetu Kongo, kwa saa moja. Jambo hilo nilikuwa nalijua. Papa ni dereva wa camion, lori la mizigo, na mtoto wa dereva anajua saa za mipaka kabla hajajua kufunga viatu. Mais hata hivyo nilikuwa nimekataa kuigeuza saa yangu. Niliona kwamba siku nitakayoigeuza nitakuwa nimekubali kukaa.

Donc basi nilifika nimechelewa saa nzima. Tena nilikuwa nimejipaka manukato ya Tantine Safi, dada ya Papa, niliyekuwa nakaa kwake, juu ya kuwa alisema siku ya kwanza ya kazi mtu anukie vizuri. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mfupi mwenye joho jeupe, na mfukoni mwa joho kijiko cha duara. Alivuta hewa mara moja tu. Hakuniuliza jina, hakuniuliza saa. Alinyoosha kidole kwenye bomba la uani akasema, "Sabuni ya kufulia. Shingo, mikono, na nyuma ya masikio." Huyo ndiye Mama Kabugho, mwonjaji mkuu wa kahawa, na hilo ndilo somo langu la kwanza: pua haifanyi kazi mbili.

Ninaandika haya kwa ajili yenu watatu, Esther na wenzako, mnaoanza Jumatatu kwenye meza ya kuonja ya depo yetu hapa Butembo. Jumatatu hiyo hiyo mimi narudi shuleni, darasa la tano la sekondari. Nina miaka kumi na saba na nimestaafu. Chef Kasereka, mkuu wa depo, alitaka nikae nanyi siku moja niwaeleze kazi kwa mdomo. Wanaonijua wanajua kwa nini nimechagua daftari.

Nilipelekwa Kasese kwa majuma mawili. Beni haikuwa na usalama, shule yetu ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kama mlango wa duka, na Papa alisema niende kwa Tantine nipumue. Majuma mawili yakawa miaka miwili. Watu wakisikia hivyo wananipa pole. Ninapokea, juu kukataa pole ni kukosa adabu, mais ndani yangu najua nilitoka kule na vitu ambavyo kwetu singevipata hata ningekaa miaka ishirini. Vingine vimo ndani ya kurasa hizi. Vingine siwezi kuvionyesha kwa mtu, ni kama nyama iliyoota mwilini.

Kazi yenyewe ilikuwa kuosha vikombe. Nyumba ile ilikuwa inanunua kahawa kwa wakulima wa milimani, na kila mzigo ulionjwa kabla ya kupokelewa. Vikombe vitano kwa kila mzigo, mizigo kumi kwa siku, na kila kikombe lazima kisiwe na harufu ya kitu chochote, hata ya kitambaa. Nilifurahi sana. Kuosha vikombe ni kazi ya mtu asiyetaka kuongea. Tatizo langu moja lilikuwa kwamba Waganda wote walidhani Mkongomani yeyote anajua kucheza. Wafanyakazi wa mashine walikuwa wananiwekea muziki wa kwetu kwenye simu na kungoja nitikise kiuno. Walingoja miaka miwili.

Mimi kahawa sikuwa ninaijua. Papa amebeba kahawa tangu sijazaliwa, Kayna mpaka Butembo, Butembo mpaka Kasindi, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuinywa. Sisi ni watu wa chai ya maziwa. Kahawa kwetu ilikuwa uzito tu, kitu cha kufunika kwa bashi, turubai ya camion, mvua ikinyesha.

Mwezi wangu wa pili Mama Kabugho alinipa kijiko akaniambia nijaribu. Mtaona Jumatatu inavyofanyika: unavunja ukoko juu ya kikombe kwa mgongo wa kijiko, pua ikiwa karibu kuungua, unaondoa povu, unangoja ipoe kidogo, halafu unachota na kuvuta kwa sauti, kwa nguvu, mpaka kahawa itawanyike mdomoni kama mvua. Kisha unatema kwenye kopo. Mimi sikuweza. Kwetu mtoto akivuta chai kwa sauti, mkono wa Papa unafika kabla sauti haijaisha. Na kutema mbele ya watu wazima, hilo sikuwa nimewahi hata kuliota. Nikachota kidogo, nikanywa kimya kama mgonjwa, nikameza.

"Umeonja nini?" akauliza. Alikuwa anasema Kikonzo, mimi naandika kwa Kiswahili.

"Nzuri."

"Nzuri ni ya kumwambia mtu aliyekupikia. Umeonja nini?"

Sikuwa nimeonja kitu. Akanipeleka uani, penye bomba, akanipa kikombe cha maji ya moto matupu, akaniambia nivute mpaka jirani alalamike. Tulifanya hivyo siku nne. Siku ya nne jirani, mzee wa kutengeneza baiskeli, alichungulia juu ya ukuta akauliza kama tuna ng'ombe. Mama Kabugho akasema, "Sasa tayari. Ingia ndani."

Nataka niseme na habari ya Kikonzo, juu ilinipa aibu halafu ikanipa fahari. Sisi Waislamu wa Beni nyumbani tunasema Kiswahili. Kinande cha koko wangu, mama ya Papa, nilikuwa nakisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Kasese Kiswahili hakikunisaidia, wengi wanakiona lugha ya askari, na Kiingereza sikuwa nacho. Kilichobaki ni Kikonzo, ambacho ni Kinande kilichovuka mto. Hata jina langu Kavira walilipokea bila shida, wakanigeuza Biira, wakaendelea. Nilikwenda nchi ya watu kujifunza lugha ya nyumbani kwetu. Niliporudi nikamwamkia koko, "Wavukire," na nikaendelea bila kukwama, alisema, "Unasema kama mutu ya ng'ambo. Mais unasema." Tangu siku hiyo ananisimulia mambo ambayo hata Papa hayajui.

Jambo kubwa nililolipata ni dogo kulisema. Kwetu, ukiingia mahali popote, dukani, zahanati, hata kwenye foleni ya maji, swali la kwanza ni, "Weye ni mutoto ya nani?" Ukijibu, wanajua wakusemeshe vipi, wakupe kiti au wasikupe. Mimi ni mtoto wa Papa Idi, yule wa Fuso ya bluu, yule ambaye mzigo wake haupotei. Ni jina zuri. Nililivaa tangu utoto, na ndani yake nilikuwa sihitaji kusema kitu, lilikuwa linasema lenyewe. Kasese hakuna aliyeuliza. Nilikuwa si mtoto wa mtu. Miezi ya kwanza nililia kwa ajili hiyo, usiku, mdomo kwenye mto. Baadaye nikaanza kuona kwamba swali pekee ninaloulizwa pale mezani ni lile la umeonja nini, na hakuna anayeweza kunijibia.

Sasa kosa langu, juu bila hilo mtadhani nilizaliwa na kijiko.

Kulikuwa na mzee mmoja mkulima aliyekuwa anashuka mlimani na kahawa yake juu ya punda. Kila mara alikuwa ananiletea ndizi mbivu, akiniita mjukuu. Siku moja nilionja mzigo wake, nikasikia ukungu. Si mwingi. Kama nguo iliyokunjwa kabla haijakauka. Mama Kabugho alikuwa na mafua wiki ile, pua yake ilikuwa imekufa, akaniachia mimi neno la mwisho. Mzee alikuwa amesimama dirishani, anatabasamu. Nikaandika: safi. Gunia zake zikamwagwa pamoja na za wenzake kumi na wawili. Baada ya siku chache kahawa yote ile ikarudishwa na mnunuzi.

Mama Kabugho hakunipigia kelele. Alikaanga kahawa ile ile, akapika birika zima, na kila asubuhi kwa siku saba nilikunywa kikombe kizima, bila kutema, yeye akiwa amekaa mbele yangu anashona kifungo au anasoma karatasi. Siku ya saba akaniuliza, "Ulimwogopa mzee?"

"Hapana. Nilimpenda."

"Ni kitu kimoja. Sasa wenzake kumi na wawili wamerudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu ya ndizi zako." Akachukua kikombe akakisuuza mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. "Biira, ulimi hauna baba. Hauna babu, hauna shangazi. Kama unataka kuwa na baba, uweke kijiko chini kwanza."

Nililiandika neno hilo nyuma ya daftari hili. Lipo hadi leo, lina doa la kahawa.

Mambo mengine kwa ufupi. Msile vitunguu wala pilipili asubuhi ya kazi. Nilikosa pilipili miaka miwili, na hicho ndicho kitu pekee ambacho nchi ya watu ilininyima kweli. Suuzeni kijiko katika maji ya moto kati ya kikombe na kikombe. Msiangalie uso wa mwenzenu anapoonja, uso unasema uongo kwa heshima. Mwezi wa Ramadhani mimi sikuonja. Nilimwambia Mama Kabugho nikidhani nitafukuzwa. Yeye ni Mprotestanti wa kwaya, hakujua habari zetu, mais akanihamishia kwenye pua tu: kunusa kahawa mbichi, kunusa magunia, kunusa maghala. Wiki ya pili ya funga nilikuwa nasikia gunia lililolala jirani na mafuta ya taa nikiwa bado mlangoni. Ramadhani iliyofuata alikuwa anasema kwa watu, "Ngojeni, Biira yuko na njaa, leo hakuna atakayetudanganya." Esther, wewe si Mwislamu, mais ukitaka kujua pua yako, jaribu kunusa kabla ya chakula.

Na saa yangu ya mkono niliigeuza mwezi wangu wa tano. Hakuna kilichotokea siku hiyo. Nilichoka tu kuhesabu.

Papa alinirudisha mwenyewe, na camion. Depo ya Butembo ilikuwa imeanza kuonja kahawa kabla ya kuiuza, na Chef Kasereka alikuwa anatafuta mtu aliyefundishwa. Asubuhi ya kuondoka Mama Kabugho alitoa kijiko mfukoni mwa joho, akakipangusa, akanipa. Kisha akaingia ndani kufanya kazi, juu mizigo ilikuwa inangoja. Hicho ndicho kijiko mtakachokikuta ndani ya droo ya kushoto. Nimewaachia. Mkikipoteza mtanitafuta wenyewe.

Nilikaa kwa koko, kule kule Papa anakolaza camion akiwa Butembo, na nilifanya kazi mezani miezi saba. Kurudi ni kugumu kuliko kwenda, hili hawakuniambia. Kule nilikuwa nimejifunza kusema mbele ya meza. Hapa nilipoingia tu nikawa tena mtoto wa Papa Idi, na sauti ikashuka shingoni. Nilikuwa naandika matokeo kwenye karatasi na kumpa Chef Kasereka ayasome yeye. Alikubali. Alidhani ni adabu.

Mpaka Alhamisi iliyopita, siku yangu ya mwisho.

Asubuhi hiyo tulikuwa na mzigo wa wanawake wa Kayna. Ni kikundi kipya, walivuna wenyewe, waliosha wenyewe, walikausha juu ya vitanda vya waya badala ya chini, na mnunuzi alikuwa ametoka Kampala kuja kuonja kwa ajili yao hasa. Kama angekubali, msimu ujao angenunua kwao moja kwa moja. Kama angekataa, kikundi kingekufa, juu waume wengi walikuwa wameshasema tangu mwanzo kwamba ni mchezo. Mwakilishi wao, Mama Kahindo, alikuwa amekuja nyuma ya moto, ile pikipiki ya kubeba watu, kupitia Alimbongo, kwenye baridi ile, na alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono imefungwa ndani ya kitenge. Mzigo wenyewe ulikuwa umefika jana yake. Na aliyeuleta, aliyesimama mlangoni akingoja karatasi ya kupokelewa, alikuwa Papa.

Tulionja watatu: mnunuzi, Chef Kasereka, mimi. Nilivunja ukoko wa kikombe cha kwanza, nikavuta.

Nilikuwa nyumbani. Sijui niseme vipi kwa namna nyingine. Nilikuwa na miaka sita, nimelala juu ya koti la Papa kwenye kiti cha mbele, anatoka Kyavinyonge, kule ziwani, na samaki wa chumvi. Nikavuta kikombe cha pili. Cha tatu. Harufu ile ilikuwa chini ya ladha, nyuma, kidogo, mais ilikuwa pale. Nilikumbuka kwamba wiki iliyopita Fuso ya bluu ilitoka ziwani. Walikuwa wameifagia, kama wanavyofagia wote. Hakuna dereva wa kwetu anayeosha mbao za camion kwa ajili ya kahawa. Kahawa ni uzito.

Chef Kasereka alitema, akatikisa kichwa. "Imechacha. Banamama balilaza kahawa mu maji siku mingi."

"Hapana, Chef," Mama Kahindo akasema kwenye benchi, polepole. "Tulihesabu masaa. Tuliosha mara tatu. Miye mwenyewe nilikuwa pale."

"Mama, ulimi hapana danganya."

"Labda saa zenu haziendi," mnunuzi akasema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali. Akaanza kufunga kalamu yake.

Mama Kahindo aliinamisha kichwa. Aliangalia mikono yake. Nikajua anafikiri atakavyoshuka kwenye moto kule Kayna, na wanawake watakavyokuwa wamesimama barabarani.

Nilishika kalamu niandike. Kisha nikaona kwamba karatasi yangu itasomwa na Chef, na Chef ataiona, ataangalia mlangoni, ataikunja. Ni rafiki wa Papa. Angeikunja kwa kunipenda.

Nikaweka kalamu chini. Kijiko sikukiweka.

"Haijachacha," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, wakageuka kana kwamba kikombe kimesema. "Ni samaki. Samaki ya chumvi. Iliingia mu njia."

"Samaki gani, Zaituni?" Chef akauliza. Jina langu la nyumbani, kwa kunikumbusha mimi ni nani.

"Ya Kyavinyonge. Gunia za chini zililala ku mbao." Nikanyoosha kijiko kuelekea kabati. "Kuko kilo moja ile Mama Kahindo alituma na moto juma jana, mbele camion haijafika. Iko mu kabati. Ni kahawa ile ile. Tuikaange, tuionje pamoja. Kama nayo iko mubaya, nimekosea miye."

Ilichukua muda kuikaanga. Mlangoni sikuangalia. Nilipanga vikombe, vitano vya kilo ya moto, vitano vya camion. Mnunuzi alivuta cha kwanza, akasimama. Akarudia. Akavuta cha camion, akarudi kwenye cha moto, na nikaona mabega yake yakishuka. Uso sikuuangalia, mabega tu.

"Hii ni safi," akasema. "Hii ni safi kabisa, ina kama limau." Akavuta tena kile cha camion, akakaa na kahawa mdomoni. "Na hii... ndiyo. Samaki." Kisha akanigeukia, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Huyu mtoto ni wa nani?"

Chumba kizima kilijua. Mpima uzito alijua, mwenye mashine alijua, Chef Kasereka alikuwa anaangalia sakafu. Mimi nilikuwa bado nimeshika kijiko.

"Ni ya miye," Papa akasema mlangoni. "Na ile camion njo ya miye."

Akaingia. Papa ni mtu mkubwa, chumba kile si cha watu wakubwa. Akaja mpaka mezani, akasimama karibu na mimi, akanyoosha mkono. "Nipe kijiko."

Nikampa. Akachota kwenye kikombe cha camion, akainywa kimya, mdomo umefungwa, kama mgeni kwenye nyumba ya watu. Akangoja. "Hapana sikia kitu."

"Papa," nikasema, "unapashwa kufanya sauti."

Aliniangalia. Nadhani wote wawili tulikuwa tunakumbuka chai ile ile. Akachota tena, akavuta, kelele kubwa mbaya, bila mafunzo, kahawa ikamrukia kwenye ndevu. Mwenye mashine alicheka akanyamaza haraka. Papa hakutema, hakujua kwamba anatakiwa kutema. Alimeza, akakaa amefumba macho.

"Ni Kyavinyonge," akasema. "Ni ya Jumamosi." Akarudisha kijiko mezani, akamgeukia Mama Kahindo, akatoa kofia. "Mama, hii kosa hapana ya banamama. Gunia za chini ni za miye. Utanihesabia, nitalipa."

Mama Kahindo alisema tu, "Asante, Baba." Na baada ya kidogo, akiwa ameachia kitenge, "Weye, mutoto, ulifunzwa wapi?"

"Kasese," nikasema, na nilisikia nimelisema kwa nguvu.

Mnunuzi alichukua magunia ya juu siku hiyo hiyo, na kilo iliyobaki ya moto akaiweka ndani ya mkoba wake mwenyewe. Magunia ya chini yalitengwa. Msimu ujao sitakuwapo, mais mtawaona wanawake wa Kayna, na mtaonja, na kama iko mbaya mtasema mbaya.

Nyumbani kwa koko, jioni, Papa alikula haraka. Aliposimama kunawa mikono alisema, mgongo wake kwangu, "Miaka yote hii nilibeba, na hapana mutu aliniambia." Sikujua kama ananilaumu mimi au watu wengine wote. Akaenda kulala.

Asubuhi iliyofuata, siku yangu ya kwanza ya kustaafu, niliamshwa na sauti ya maji. Fuso ilikuwa uani, mlango wa nyuma umefunguliwa, na Papa alikuwa ndani amekunja suruali hadi magoti, ana brosi, majivu na ndoo ya maji ya moto, anasugua mbao. Sijawahi kumwona Papa ameshika brosi. Aliponiona alichovya brosi ndani ya ndoo. Alisogea kidogo, nafasi ya mtu mmoja.

Nikapanda. Nikalala kifudifudi juu ya mbao zilizoloa, pua kwenye ufa kati ya ubao na ubao, nikavuta hewa kwa sauti, kama nilivyofundishwa penye bomba la Kasese. Koko alitoka jikoni akasimama kuangalia.

"Bado, Papa," nikasema.

"Wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akapiga magoti pale pale, akaanza upya.